Nyigu Ndani ya Gomesi

Wiki moja kabla ya siku ya wakwe, nyigu mmoja aliingia sebuleni kwa Proscovia, katika mtaa wa Atlabara, mjini Juba, akaanza kujenga. Alipitia kwenye upenyo ulioachwa kati ya ukuta na bati, amebeba kitonge cha tope, akakibandika pembeni mwa dirisha, akatoka, akarudi na kingine. Ulikuwa msimu wa mvua na Juba ilikuwa na tope la kumtosha kila mtu.

Cissy, binti yake, akavua kandambili ili amponde. Mama yake akamdaka mkono.

"Mwache. Huyo anajenga. Kwa bibi yako, kule Kamuli, nyigu wa tope akijenga kwenye nyumba yenye msichana anayeposwa, hafukuzwi. Maana yake msichana naye anakwenda kujenga kwake."

"Na akiniuma?"

"Wewe ndiye utakayemuuma, na huo mdomo wako."

Cissy akacheka, na kicheko chake kikafika kwa majirani wa pande zote mbili. Hicho ndicho kilichomtia Proscovia hofu. Binti yake alikuwa na miaka ishirini na minne, anauza chaja na vifuniko vya simu sokoni Custom, na alikuwa na sauti ya kumwita mteja ambaye ndiyo kwanza anashuka kwenye basi dogo upande wa pili wa barabara, na mteja akaja. Biashara iliipenda sauti hiyo. Wakwe ndio walioikataa. Miaka miwili iliyopita watu wa mchumba wa kwanza walikuja, wakala, wakashiba, kisha wakaaga wakisema binti ni mzuri sana ila wao hawakutoka kwao kuja kuoa redio. Maneno hayo yalizunguka Custom nzima kabla Proscovia hajafunika cherehani yake jioni hiyo.

Sasa alikuwa amekuja mchumba wa pili, Lako. Lako ni wa kabila la Wabari, mtu wa Rejaf aliyekulia ukimbizini Uganda, fundi wa jenereta, mtu mpole asiyependa kuharakisha maneno. Proscovia, ambaye mume wake alishafariki na hakuwa na mtoto mwingine, aliapa kwamba safari hii hakitaharibika kitu. Mwezi mzima alimfundisha Cissy kupiga magoti bila kuyumba, kuinamisha macho, kusalimia kwa sauti ya chini, na baada ya salamu kukaa kimya kabisa.

"Hata siafu wakupande mguuni, nyamaza," alimwambia. "Hata nyumba iungue. Mpaka mjomba wako Waiswa aseme inuka."

"Nyumba ikiungua, Waiswa mwenyewe atakuwa ameshafika Nimule mpakani," alijibu Cissy.

"Unaona sasa? Huo ndio mdomo ninaousema."

Gomesi ya siku hiyo Proscovia aliishona kwa mikono yake. Hakuna mwanamke wa Uganda aliyefanya sherehe Juba asiyemjua Proscovia kwa mabega. Gomesi ni vazi refu la heshima, lina mkanda mpana kiunoni na mabega yaliyochongoka kwenda juu, na bega likilala, vazi zima limelala. Mabega ya Proscovia yalisimama tangu asubuhi hadi wageni wa mwisho wanatafuta viatu vyao. Siri yake ilikuwa kitambaa kigumu alichokishonea ndani, wanga mzito, na siku tatu za kutundikwa bila kuguswa. Aliitundika ya Cissy kwenye msumari wa sebuleni, karibu na dirisha, mahali palipopita upepo, akatangaza kwamba atakayeigusa atakula chakula cha sherehe barabarani.

Ijumaa aliona kwamba nyigu ameliacha tope lake pale dirishani, likiwa nusu. Akadhani amemaliza, akamshukuru Mungu, akaendelea kupika.

Siku hiyo hiyo Teresina, mama yake Lako, alipita kumpa taarifa ya idadi ya wageni. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, miaka kumi na minne na Kiswahili chake akakitoa huko huko. Aliitazama gomesi pale ukutani.

"Mama Cissy, nguo ya kukaa ukutani siku mbili, siku tatu, unakung'uta kwanza. Hapa Juba nge iko naingia, nyigu iko naingia, kila kitu iko naingia."

"Mama Lako," Proscovia alisema huku akicheka, "mimi iko kwa cherehani miaka ishirini. Nguo ya mtu mimi nakung'uta mpaka mwenyewe anachoka kusimama."

Na ilikuwa kweli. Hakuna mteja aliyewahi kuvalishwa gomesi na Proscovia bila vazi hilo kukung'utwa kwanza mara tatu.

Jambo la mwisho la maandalizi lilimhusu Lako. Waiswa, mdogo wake Proscovia, dereva wa malori aliyekuwa pia msemaji wa familia, alimkalisha kijana huyo alasiri nzima akimfundisha mila za Wasoga, kabila lao. Kubwa kuliko yote ilikuwa hii: mkwe mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, haketi naye kiti kimoja, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Wazee walisema anayevunja mwiko huo hutetemeka mikono mpaka anazikwa.

"Ukimwona tu, wewe toka," alisema Waiswa. "Usiulize, usingoje. Toka."

Lako alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza injini inayokohoa, akasema ameelewa. Laiti asingeelewa vizuri namna ile.

Jumamosi wageni walifika mapema. Proscovia alikuwa bado anamfunga Cissy mkanda wa ndani waliposikia honi ya basi dogo na vigelegele vya kwanza nje. Watu kumi na wawili walishuka, na dereva akageuza gari kurudi Custom kutafuta abiria, akiahidi kurejea saa kumi na moja. Lako alikuja nyuma yao kwa pikipiki yake, akaiegesha chini ya mwarobaini.

Proscovia aliitungua gomesi msumarini. Mkono wake, kwa mazoea, uliinuka ili uikung'ute. Akausimamisha. Kwa unyevu wa mvua ile wanga ulikuwa haujakauka sawasawa, na akijua kazi yake alijua kwamba mtikiso mmoja tu utalaza bega, na Teresina ataliona, na wanawake wote kumi waliokuja naye wataliona. Akaiteremsha polepole juu ya kichwa cha binti yake, akapenyeza mikono, akafunga vifungo. Mabega yakasimama. Cissy alikuwa amependeza mpaka Proscovia akatamani kulia.

"Kimya," alimnong'oneza.

Cissy akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza.

Proscovia akaingia chumba cha ndani na kuvuta pazia, maana mkwe alikuwa anaingia sebuleni. Aliacha mwanya wa vidole viwili akawa anachungulia. Aliwaona wageni wamejipanga kwenye viti vya kukodi, Lako karibu na mlango akiwa na koti lililombana, na Teresina katikati na kitenge kipya. Kisha Cissy akatoka, akapiga magoti kwenye mkeka bila kuyumba, akainamisha macho, akasalimia kwa sauti ambayo Proscovia hakuwahi kuisikia tangu amzae. Wanawake wakapiga vigelegele. Teresina akatikisa kichwa, na Proscovia akadhani ni kwa furaha; moyo wake nyuma ya pazia ukajaa mpaka ukauma.

Waiswa akaanza hotuba.

Waiswa hakuwa mtu wa hotuba fupi. Alianza na babu yao, akavuka mto Naili pale Jinja, na alikuwa bado hajafika Sudan Kusini pale bega la kushoto la Cissy liliporuka. Liliruka mara moja tu, na Proscovia akadhani ni kwikwi. Kisha likaruka tena. Cissy alikaza meno. Akainua macho, akatazama moja kwa moja kwenye mwanya wa pazia, na midomo yake ikafunguka.

Proscovia akaweka kidole mdomoni.

Cissy akakiona. Akafunga midomo, akainamisha macho.

Bega likaruka mara ya tatu, ya nne. Proscovia akaanza kukasirika. Hivi huyu mtoto hawezi kutulia hata robo saa? Aliona shingo ya binti yake imekuwa nyekundu, akafikiri ni aibu. Aliona midomo imevimba, akafikiri amenuna, mbele ya wakwe, siku kama ile. Akawa anapanga maneno ya kumwambia watu wakishaondoka. Mungu amsamehe, yalikuwa maneno makali, na alikuwa bado anayachagua wakati Teresina aliposimama na kumkata Waiswa katikati ya sentensi.

"Ngoja, malesh, samahani, ngoja. Uso ya mtoto iko nabadilika."

Cissy alijaribu kusema kitu. Ulitoka mluzi mwembamba tu, kama wa birika linaloanza kuchemka. Akashika koo kwa mikono yote miwili, akaanguka ubavu juu ya mkeka. Bega la gomesi lilikuwa bado limesimama.

Proscovia hakukumbuka baadaye kama alilifungua pazia au alilipasua. Alijikuta katikati ya sebule, peku, mbele ya wakwe wote. Lako alikuwa ameshainuka, mikono mbele, anamkimbilia Cissy. Akamwona mama mkwe. Kijana yule mwema, mwanafunzi bora wa Waiswa, akasimama ghafla, akafunika uso kwa mkono, akageuka, akatoka nje mbio.

Hakuna aliyepata nafasi ya kushangaa. Proscovia alipiga magoti, akashika mshono wa bega alioushona mwenyewe kwa usiku tatu, akaung'ata na kuuchana. Kipande cha tope kikavunjika na kudondoka kwenye mkeka, na kutoka katikati yake akatembea nyigu, mwembamba, mweusi, bawa moja limekunjika. Chini ya kitambaa kigumu, bega la Cissy lilikuwa na alama tano za kuumwa. Kila misuli ilipojikaza kwa maumivu, ilimbana mdudu, na mdudu akauma tena. Na mtoto alikuwa amenyamaza.

Teresina alimkanyaga nyigu kwa kisigino. Hakuwa akicheka sasa.

"Hii mimi niliona kambini, mtu ya nyuki. Koo nafunga. Nataka sindano, sasa hivi, kabla ya koo kufunga kabisa. Kliniki iko karibu na yunivasiti. Gari iko wapi?"

Gari lilikuwa Custom linapakia abiria.

"Pikipiki," alisema mtu.

Pikipiki ilikuwepo chini ya mwarobaini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Lako, na Lako alikuwa nyuma ya choo, uso ukutani, anatii mila.

Proscovia alitoka nje. Lako aliposikia miguu kwenye tope aligeuka, akaona ni nani, akakimbia. Hakukimbia kwa ujinga. Alikimbia kwa heshima, na alikuwa na miguu mirefu. Waliizunguka nyumba mara moja, mama mkwe nyuma na mkwe mbele, wageni wamejaa mlangoni midomo wazi, na Waiswa katikati yao ameshika kichwa kama aliyeona nyumba ikitembea. Mara ya pili Proscovia aligeuka na kuzunguka kwa upande mwingine. Wakakutana kwenye kona ya jikoni, na akamkamata koti kifuani kwa mikono yote miwili.

Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia.

"Nimekushika. Umeona? Kalas, basi, mila imevunjika, nimeivunja mimi. Cissy iko nakufa. Washa pikipiki."

Lako aliitazama mikono ile kifuani mwake kama mtu aliyeshikwa na moto.

"Mama, lakini mikono..."

"Iache itetemeke! Washa!"

Walimweka Cissy katikati. Proscovia alikaa nyuma, akapitisha mikono pande zote mbili za binti yake na kulikamata koti la mkwe wake tumboni, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kukamata. Lako alipita madimbwi bila kuyakwepa. Maji ya tope yaliwarukia usoni, gomesi iliyochanika ikapepea kando, na watu wa Atlabara wakasimama kuangalia. Proscovia aliweka sikio lake karibu na mdomo wa Cissy. Ule mluzi bado ulikuwepo. Wakavuka mfereji, akausikiliza tena, ukawa mdogo zaidi.

"Cissy. Piga kelele," alimwambia sikioni. "Unanisikia? Ita wateja. Waambie chaja zimefika. Nimekuruhusu, mama yangu, piga kelele."

Cissy hakujibu. Proscovia hakujua kama ni koo lililomkataza au ni yale mafunzo ya mwezi mzima, na kutokujua huko kulimtia baridi mwili mzima katika joto la saa nane mchana.

Kwenye kliniki muuguzi aitwaye Jacinta alitazama mara moja, hakuuliza jina wala chochote, akachoma sindano pajani kupitia kitambaa cha gomesi. Kisha akawafukuza wote wawili nje ya chumba. Kabla ya kufunga mlango aliuliza kama Cissy aliwahi kuumwa na mdudu kama huyo.

"Nyuki," alisema Proscovia. "Akiwa na miaka tisa, Kamuli. Jicho lilivimba siku mbili. Tulimcheka."

Nje palikuwa na benchi moja. Lako alikaa mwisho wa huku, amempa mama mkwe mgongo. Proscovia alikaa mwisho wa kule. Alijitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka, vidole vyote kumi, na hakuweza kuituliza hata alipoibana kati ya magoti. Akamtazama Lako. Yake pia ilikuwa inatetemeka, funguo za pikipiki zikigongana ndani yake. Wazee walisema kweli, au ilikuwa hofu tu. Proscovia hakuwa na nguvu za kuchagua. Alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la kijana, na Lako, baada ya muda, akaacha kuficha uso, akalia.

Teresina alifika kwa boda, viatu mkononi, akihema. Alipoambiwa kwamba Cissy anapumua na kwamba muuguzi bado yuko naye, alijitupa kwenye benchi lile lile, wakawa watatu.

"Mama Cissy, nauliza kitu," alisema alipopata pumzi. "Ile mtoto naona nyigu nauma, moja, mbili, tano. Kwa nini hapana piga kelele?"

Proscovia aliinama. Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameshamkimbiza mkwe wake kuzunguka nyumba mbele ya ukoo mzima, hakubakiwa na la kuficha.

"Mimi nilimfundisha. Nyamaza mpaka Waiswa anasema inuka. Wale watu wa kwanza walisema yeye ni redio. Niliogopa nyinyi pia mtasema."

Uso wa Teresina ukajaa mshangao ambao haukuwa na kicheko ndani yake hata kidogo.

"Redio? Hiyo sisi tulisikia zamani. Wewe hapana jua? Lako huyu," akamgusa mwanawe gotini, "iko natengeneza jenereta ng'ambo ya barabara, Custom. Nasikia sauti tu ya msichana, wiki mbili, sura hapana ona. Narudi nyumbani kila siku naniambia, mama, kuna mtu pale akiita, hata mimi ambaye sina chaja mbovu nataka kununua chaja. Alinunua chaja sita. Sisi tulikuja kwa ile sauti, Mama Cissy. Leo mtoto akasalimia polepole, mimi nikasema moyoni, eh, huyu anaumwa?"

Mwezi mzima. Kila jioni juu ya mkeka ule, inamisha macho, shusha sauti, tena, bado iko juu, shusha. Proscovia alihisi kama mtu aliyekaa akifumua kwa mkono wake mshono ambao mwenye nguo aliupenda.

Mlango ukafunguliwa. Jacinta akasema mama anaweza kuingia, na mume pia akitaka. Lako akasimama, akamtazama Proscovia usoni kwa mara ya kwanza, akasubiri. Proscovia akamshika mkono wakaingia pamoja.

Cissy alikuwa amelala na shimizi tu, macho yamevimba na kubaki mistari, midomo minene, dripu mkononi. Gomesi ilikuwa sakafuni, bega moja limechanika na jingine limesimama wima vile vile. Aliposikia hatua za mama yake alijaribu kuinuka, akazuiwa. Sauti iliyotoka ilikuwa mkwaruzo, ya chini kuliko ile ya mkekani.

"Mama. Wakwe wamesemaje? Nilinyamaza vizuri?"

Proscovia alikaa kando ya kitanda. Alitaka kumwambia yote aliyoyasikia benchini, kuhusu sauti, kuhusu zile chaja sita, lakini Cissy alikuwa bado anaongea, akivuta pumzi kati ya neno na neno, akitaka asifiwe.

"Nilipoumwa mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele. Sauti ilikuwa imeshafika hapa." Akagusa koo. "Halafu nikakuangalia kwenye pazia. Nikaona kidole chako. Nikaimeza."

Proscovia alikichukua kidole chake kile, bado kinatetemeka, akakifunika kwa mkono wa pili ili mtoto asikione tena.